Wapiga Kura Kumi na Saba, Nyumba ya Vyumba Viwili

Kosa ni langu. Nimelipigia hesabu mara mbili nikitafuta wa kugawana naye, sijampata.

Ninauza vitenge Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels. Dada yangu, Yaya, maana ndivyo kwetu tunavyomwita dada mkubwa, anaishi Canada, na huko anajitolea katika chama kimoja cha siasa. Mimi nikawa shabiki wa chama chake bila kuijua hata rangi ya mlango wa ofisi yao. Ushabiki, jamani!

Siku moja zikaja habari kwamba ubalozi wa nchi fulani ulikisaidia chama pinzani kumpitisha mgombea wake kwenye jimbo anakoishi Yaya. Nilipiga kelele! Tonton Jérôme, mjomba wa mtaa mzima na kinyozi kwenye jengo la maduka la Galerie d'Ixelles, alikuwa upande wa chama hicho. Akasema tungoje ushahidi.

"Ushahidi gani tena, tonton? Bageni habapashwe kuingiza mukono mu kura ya bengine!"

Bon. Baadaye ikafika zamu ya chama chetu kuchagua mgombea, na mtoto wa Bukavu, mji wetu kule Kongo, akajitokeza. Kura ilikuwa ya mtandao, ya wanachama wanaoishi jimboni tu. Nikamwomba Yaya anwani yake, nikasema ni ya kifurushi cha vitenge. Nikaandikisha watu kumi na saba wa Matonge, mimi wa kwanza, wote kama wanachama wanaoishi nyumbani kwa Yaya. Majina niliyahesabu mara mbili. Vyumba sikuvihesabu: ni viwili!

Tonton Jérôme akanikuta saluni kwake nikimwandikisha msusi wake.

"Alors, mukono ya bageni iko wapi leo?"

"Hatuko bageni, tonton. Tuko famille."

Saluni nzima ikacheka. Nikajiona mshindi.

Chama kikagundua. Mgombea wetu akaondolewa, na Yaya akaitwa aeleze hao kumi na saba wanalala wapi. Alijua mara moja ni nani. Hakunitaja!

Sasa sikiliza ubaya wangu wenyewe, maana ule wa kwanza ulikuwa ujinga tu. Barua moja ya kukiri kutoka kwangu ingemtoa lawamani. Niliiandika. Sikuituma. Nikajiambia: wapinzani wakiipata, watatucheka mwaka mzima, wao mbona hawakukiri? Nikawa ninapatana bei na dhamiri yangu kama mteja mkaidi, leo kesho, leo kesho, wiki tatu.

Chama kikamfukuza Yaya. Kanisani kwao sasa anaitwa mwizi wa kura. Hapo ndipo nilipoituma barua. Chama kikajibu kwamba shauri limefungwa.

Yaya akapiga simu.

"Ulisema ni adresse ya kolis ya bitenge."

"Yaya, ata bale bengine balifanya..."

"Miye siko yaya wa bale bengine. Niko yaya wako."

Akakata. Tangu hapo ninamwandikia kila siku. Anasoma, hajibu. Dukani ninapima kitambaa huku jicho liko kwenye simu. Nimeshakata vibaya mara nne.

Wewe unayesoma, una chama chako, sikukatazi. Lakini ukijisikia unasema "kwetu ni tofauti", funga mdomo hapohapo! Na kama kuna mtu anabeba kosa lako leo, usingoje wapinzani wakiri kwanza. Tuma barua. Mimi nilikuwa nayo mfukoni.