Grenda ya Kijani

Siku Projest alipomwona Theoneste kwa mara ya kwanza, fundi huyo alikuwa amechuchumaa nyuma ya kanisa la kigango cha Kibingo, anainusa mashine. Ilikuwa grenda kuukuu ya kukatia vyuma. Meno yake ya ndani yalikuwa yamelika, na moshi mwembamba ulikuwa ukiitoka tumboni.

"Imekufa?" Projest aliuliza. Hakuwa mtu wa kuanzisha mazungumzo, lakini alikuwa hajawahi kuona mtu akinusa chuma.

"Imekufa, bwana. Na lango liko nusu."

Mwaka huo wa 1995 watu wengi wenye asili ya Rwanda walikuwa wakifunga mizigo kurudi kwao, na Theoneste alikuwa mmojawapo. Lori lingeondoka Jumatatu. Lango la kigango alikuwa ameliahidi mbele ya waumini wote. Lisipokamilika, wangesema mkimbizi ametoroka kazi. Baada ya miaka yote aliyoishi Karagwe, jina hilo hakutaka kuliacha nyuma.

Kesho yake akarudi kutoka mjini Kayanga na grenda mpya ya bei ya chini, ya kijani, nyepesi kama kibuyu kitupu. Projest naye akarudi, akijifanya anapita tu kwenda kwenye shamba lake la kahawa.

Eustadia, mwenyekiti wa akina mama, aliinyanyua grenda kwa vidole viwili akacheka. "Theo, anayehama hununua sufuria. Wewe unanunua mashine, tena ya kuchezea watoto?"

"Ikinifikisha Jumapili inatosha, mama."

Haikuelekea kufika. Jenereta iliwashwa, cheche zikaruka, na baada ya vyuma viwili grenda ikawa ya moto, haishikiki. Theoneste akafanya kile ambacho kila mtu wa huku hukifanya akitaka kuepua chungu: akakata jani bichi la mgomba, akaizungushia mashine, akaendelea. Punde ikaanza kunguruma kwa taabu.

Projest alisogea, akainama. Jani lilikuwa limenyonywa, limebana ubavuni.

"Samahani, fundi. Hivi vitundu vilivyo chini ya jani ni vya nini?"

Theoneste akazima. Akalibandua jani, akalitazama kwa muda.

"Vya kupumulia," alisema taratibu. "Nami nimeiziba pua."

Tangu hapo fundi akawa anakata vyuma viwili, kisha mashine inalazwa kivulini ipoe, na Projest anauliza. Kwa nini jiwe la kukatia linapungua? Cheche zikizimika zinakuwa nini? Mengine Theoneste alijibu, mengine alikiri hajui. Jumamosi jioni lango lilisimama, likafungika, likafunguka.

Jumatatu Projest alikwenda kusimama barabarani. Lori lilikuwa limeshaanza kuondoka polepole, na Theoneste, aliyekaa juu ya magodoro, akainama kumpa mkono.

"Projest, bawaba ya chini italia mvua zikianza. Inataka grisi tu. Wasije wakasema nilikimbia kazi."