Mahali pa Kuonea Mfereji wa Suezi

Siku yangu ya kwanza melini nilikabidhiwa viti. Nilitoka Bagamoyo nikijiona baharia kamili, nikitarajia kamba au usukani, lakini serahangi, yaani mkuu wa mabaharia wa sitaha, alinionyesha rundo la viti vya turubai. "Haya, vipange." Nikavipanga kwa safu zilizonyooka, vyote penye kivuli. Akaja, akakaa kimoja, akainuka amekasirika.

"Hapa mtu anaona nini?"

"Haoni kitu, serahangi. Lakini yuko kivulini."

"Angetaka kivuli angebaki kwao! Mtafutie pa kuonea."

Ndiyo ikawa kazi yangu, kabla ya vita vya pili na baada yake, katika meli za abiria zilizotoka Dar es Salaam kwenda Ulaya. Ninyi vijana chekeni mkitaka. Siku ya kupita mfereji wa Suezi, viti vilikuwa na ufundi wake. Meli huenda polepole, moja nyuma ya nyingine, zikiongozwa na marubani wa mfereji. Omo, mbele kabisa, humweki abiria, maana hapo watu wa kamba wako kazini. Tezi, kule nyuma, moshi wa dohani unamshukia. Katikati zimening'inia mashua za kuokolea, zinaziba kila kitu. Vinabaki vipande vichache tu, navyo lazima uvijue. Tukielekea kaskazini, asubuhi jua liko kulia, upande wa jangwa, linachoma macho. Basi nilivipanga viti kushoto, penye mitende, vijiji na njia ya reli. Jua likishageuka nilivihamishia kulia, watu wakatazame mchanga na ngamia. Msimamizi wa abiria, aliyekuwa mkubwa wetu huko daraja la kwanza, alizoea kusema, "Mwiteni yule wa Bagamoyo, yeye anajua." Kichwa kilinivimba, sifichi.

Sasa nifike kwenye habari inayonifanya niinamishe uso hata leo.

Baba wa mke wangu alikuwa mtu wa Kaole, muuza nazi, mpole, asiyependa kumsumbua mtu. Jicho lake moja lilikuwa limekwisha, la pili limeanza kuingia ukungu. Mwanawe aliyekuwa akisoma Misri alimpatia tabibu huko, ikawa asafiri kwa meli yangu, ashukie mwisho wa mfereji. Nilikwenda kumwamkia kabla ya safari.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Habari ya tabibu tumwachie Mungu. Mimi hamu yangu ni huo mfereji unaotusimulia kila ukirudi. Nataka niuone kabla hili nalo halijafunga."

"Usiwe na wasiwasi, baba. Huko ni kwangu."

Alisafiri na abiria wa sitaha ya chini, wanaolala juu ya mikeka yao. Alfajiri ya kuingia mfereji nilimshukia kwanza yeye, kabla ya viti vyangu. Nilimchagulia kona ya ndani, mbali na watu waliokuwa wakisukumana ukingoni. Nikatandika mkeka mpya, nikaweka mto, nikamletea chai na mkate. Na kwa kuwa sikutaka mkwe wangu ale huku kadamnasi inamkodolea macho, nikafunga turubai mbele yake, likawa pazia. Ndivyo tulivyolelewa: mgeni wa heshima anakaa ndani, hakai mlangoni.

"Uko raha, baba?"

"Raha tupu, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Nikapanda juu. Siku nzima nilihamisha viti vya Wazungu, kushoto na kulia, na msimamizi akanisifu mbele ya wenzangu. Nilipomshukia mkwe jioni, mfereji ulikuwa umekwisha na turubai liko palepale nilipolifunga. Nilifurahi kwamba hakuna aliyemsumbua.

Macho hayakupona. Miaka michache baadaye nikaacha bahari, nikarudi Bagamoyo kula pensheni yangu na kuwachosha majirani kwa hadithi. Mkwe, kipofu sasa, aliletwa kwetu kutoka Kaole kila Ijumaa. Siku moja barazani jirani akamwomba naye asimulie mfereji, maana alipita.

"Mwulizeni mkwe wangu," akasema. "Yeye ndiye mwenye mfereji."

Nikasimulia, kwa madaha kama kawaida yangu. Nilipofika kwenye ngamia akanigeuzia uso.

"Walikuwa karibu? Mtu angewaona vizuri?"

"Lakini baba, si ulikuwapo?"

"Nilikuwapo," akasema. "Palikuwa na kivuli kizuri sana."

Hakusema kwa kejeli. Alikuwa akinisitiri mbele ya watu, kama alivyonisitiri siku ile, alipokaa nyuma ya turubai akisikia wenzake wakishangilia, asithubutu kulifungua kwa kuwa limefungwa na mkwewe kwa heshima. Niliona aibu nikashindwa hata kumaliza habari ya ngamia. Nilisema nina kiu, nikaingia ndani, nikakaa gizani mpaka wageni walipoondoka.

Ijumaa iliyofuata sikumtandikia kule ndani ya baraza, ukutani, kama kawaida. Nilimwekea kiti ukingoni mwa baraza, kuelekea njiani, upepo unamfikia na wapita njia wanamwamkia. Alishika ukingo kwa mikono miwili, akainua uso, akasema, "Haya, mwanangu, anza tangu tunapoingia." Nikamweleza kila kitu, upande wa kushoto kwanza.