Siku Niliyosoma Faili la Baba

Nakumbuka asubuhi moja nilipotoka Kipkelion kwa hasira, barua ya kumpinga kaka yangu nimeikunja ndani ya mkoba, nikielekea korti ya Bomet. Sikuwa hata nimekunywa chai, mwanangu, na mtu wa kwetu akitoka nyumbani bila chai ujue kuna jambo.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nimeolewa, nina watoto wawili. Baba yetu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akaacha shamba la majani chai na malisho kidogo kule Merigi. Tulikuwa wanne: Wilson kifungua mimba, mimi Rebeka, halafu Joel na Ester. Mama alikuwa hai, na ndiye aliyesema shamba lisikae kwa jina la marehemu, twende kortini. Wilson akaubeba mzigo huo bila kulalamika.

Siku moja alikuja kwangu na karatasi. Mkosi ni kwamba ng'ombe wetu alikuwa anazaa, na ndama alikuwa amekwama.

"Rebeka, ni ile maneno ya korti," akasema. "Soma, halafu uweke sahihi."

Nikapangusa mikono kwa leso, nikaweka karatasi juu ya debe, nikatia sahihi, nikarudi kwa ng'ombe. Sikusoma hata neno moja. Ndama alitoka salama, na watoto wakamwita Korti. Mimi karatasi ile nikaisahau kabisa.

Miezi kadhaa baadaye, siku ya soko Merigi, jirani wa mama akanishika mkono kando ya wauza viazi. "Umeona tangazo kwa ofisi ya chifu? Ni jina ya Wilson peke yake. Wewe hauko."

Nikaenda mbio. Kweli, tangazo lilisema Wilson ameomba apewe usimamizi wa mali ya marehemu, na mwenye pingamizi alipeleke kortini kabla siku thelathini hazijaisha. Macho yangu yalisoma usimamizi, moyo wangu ukasikia umiliki. Nikasema kumbe ndiyo maana alinijia nikiwa na kazi nyingi, ili nisisome. Watu husema lisemwalo lipo, na siku hiyo nililiamini neno hilo kuliko nilivyomwamini mtu niliyelelewa naye nyumba moja.

Nyumba ya Wilson ilikuwa karibu kabisa na pale. Ningefika kabla viatu havijashika matope. Sikwenda. Hapo ndipo nilipokosea, mwanangu, wala si kwingine.

Jumapili yake alikuja Kipkelion na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kwa ajili ya watoto. Nikamsimamisha langoni. "Rudi nayo," nikamwambia. "Mtu hawezi kukula shamba ya baba halafu atuletee maziwa." Akageuka na kibuyu chake akaenda. Mume wangu akaniambia, "Ungemuuliza kwanza." Nikamjibu kwamba mwizi haulizwi. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini mimi wakati huo ulimi wangu ulikuwa hautazami njia.

Ndivyo nilivyofika Bomet na barua yangu. Katika ofisi ya mafaili palikuwa na karani mmoja mzee, Mzee Nyamweya, mtu wa Kisii mwenye sauti ya chini na miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Mama, unapinga nini?"

"Kaka yangu amejiandikishia shamba yote."

"Umesoma faili?"

"Sina haja. Nimeona tangazo."

Akavua miwani, akaifuta taratibu. "Mama, nimekaa na hizi faili tangu nywele yangu ikiwa nyeusi. Nimeona watu wa tumbo moja wakizeeka kwa ile benchi, sababu ni karatasi hakuna mtu alisoma. Keti hapo. Soma kwa sauti, na mimi nisikie."

Nikaketi kama mtoto wa shule. Karatasi ya kwanza ilikuwa barua ya chifu. Nikasoma warithi wa marehemu: mjane wake, Wilson, Rebeka, Joel, Ester. Nikarudia jina langu polepole, nikidhani nimeliona vibaya. Chini yake palikuwa na barua nyingine iliyopigwa mstari, yenye majina ya Wilson na Joel tu.

"Na hii?" nikauliza.

"Hiyo ni majina baba yenu mdogo alipeleka kwa chifu, akisema wasichana wataolewa na wengine wameshaolewa. Kaka yako aliisoma akiwa amesimama hapo. Akasema, 'Hii si familia yetu yote.' Akarudi nayo kwa chifu. Baada ya wiki mbili akaleta hii mpya, na hiyo ya zamani imepigwa mstari. Endelea kusoma."

Nikafungua karatasi iliyofuata, nikakuta sahihi yangu, na kando yake alama ya kidole kichafu cha mtu aliyetoka kuzalisha ng'ombe. Juu yake imeandikwa kwamba sisi sote tumekubali Wilson asimamie mali kwa niaba yetu.

"Msimamizi si mwenye mali, mama," akasema Mzee Nyamweya. "Ni mtu mmepatia fimbo achunge ng'ombe ya boma. Fimbo ni yake. Ng'ombe ni ya watu wote."

Mara mlango ukafunguliwa, akaingia Wilson mwenyewe, amelowa mvua, amekuja kuuliza habari za faili. Aliponiona nimelishika, uso wake wote ukachangamka.

"Rebeka, umekuja kunisaidia? Kongoi, asante dada. Hii safari imenichosha."

Hakuwa ananisimanga. Alidhani kweli. Nikatoa ile barua yangu mkobani nikampa, maana uongo ungenila maisha yangu yote. Akaisoma yote, kwa kuwa Wilson ni mtu wa kusoma mpaka mwisho. Kisha akasema, "Umeandika jina langu vibaya," na akaanza kucheka. Mzee Nyamweya akacheka. Mimi nikalia na kucheka pamoja.

"Nisamehe," nikasema.

"Nilikuambia usome," akajibu. "Lakini na mimi ningengoja ng'ombe azae kwanza." Barua akairarua, tukaenda kunywa chai.

Basi muda wa pingamizi ukapita, Wilson akapewa usimamizi, na ilipotimia miezi sita tukarudi kortini sote watano na vitambulisho vyetu ili mgawanyo uthibitishwe. Hakimu alikuwa mama mpole. Tulikuwa tumekubaliana nyumbani kwamba Mama abaki na nyumba na malisho maisha yake yote, na majani chai tugawane watoto sawasawa. Hakimu akauliza mmoja mmoja kama anakubali. Mama akakubali, Joel akakubali, Ester akakubali. Zamu yangu ikafika.

"Mheshimiwa, naomba nisome kwanza."

Korti nzima ikangoja. Wakili mmoja akakohoa. Mimi nikasoma polepole, kidole kikifuata mstari, mpaka chini.

"Mheshimiwa, nina pingamizi."

Mama akafumba macho. Ester akanivuta sketi.

"Kwa mgao wa majani chai," nikasema, "jina la Wilson halipo. Aliyepiga chapa amemruka."

Wilson akaichukua karatasi, akaitazama kama mtu ambaye hajawahi kuiona. Alikuwa amehakikisha fungu la kila mtu, mara mbili mbili, na lake mwenyewe hakulitafuta. Hakimu akatabasamu, akasema mbele ya kiti kile watu huja kuondoa majina ya ndugu zao, na leo amepata mmoja amekuja kurudisha. Karatasi ikasahihishwa, ikatiwa muhuri. Mama alipiga kigelegele pale ngazini mpaka askari akamwomba apunguze sauti, kisha askari mwenyewe akampa mkono wa pongezi.

Sasa nanyi mnajiandaa kwenda kortini, mwanangu, na siku hizi hata matangazo mnayasomea kwenye simu. Nakwambia hivi. Ukienda kwa chifu, taja kila mtoto, aliyeolewa na asiyeolewa, aliye karibu na aliye mbali, na majina yafanane na kitambulisho. Usiweke sahihi mahali ambapo macho yako hayajapita, hata kama ng'ombe anazaa. Msimamizi asijione tajiri, na asiye msimamizi asijione ameibiwa. Zaidi ya yote, ukisikia neno juu ya ndugu yako, fika kwake kabla hujafika kwa karani. Asiyeuliza hana ajifunzalo, na mimi nilikaribia kumpoteza kaka kwa sababu ya swali moja nililokataa kuuliza.

Mungu awape subira ya kungoja na moyo wa kugawana. Mashamba yenu yachipue misimu yote, mipaka yenu iwe mahali pa kusalimiana asubuhi, na watoto wenu waitane ndugu bila kulazimishwa na korti. Nendeni kwa amani.