Jibu la Posa Lililopitia Marikiti

Nilikuwa nikipimiwa iliki katika duka moja la Marikiti. Juu ya meza palikuwa na redio koli ndogo, iliyofungwa wiki hiyo ipokee maneno ya nyumbani kwa nduguye mwenye duka, Mji wa Kale, na kuyasukuma hadi ofisini kwa ndugu huyo, Kilindini. Kando yangu mzee mmoja alikunywa kahawa. Alikuwa amemposea mwanawe binti wa ndugu huyo, na jibu alikuwa bado akilingoja.

Redio ikalia, sauti ya mama wa binti: "Mume wangu, mtoto hataki. Asema yule hamtaki hata kwa dawa. Usimwambie mtu, tutafute maneno mazuri."

Mwenye duka aliirukia redio aizime, akaangusha mizani.

Mzee aliweka kikombe chini taratibu, akaomba kipaza sauti. "Dada, salaam aleikum. Jibu nimelipata. Tafadhali, binti asigombezwe."

Mama akapiga ukelele: "Yarabi, nifiche!"

Mpaka leo nikikumbuka moyo hunipasuka. Kwetu jibu la posa hupitia wazee watatu wanne, kila mmoja akilipunguza makali. Hili lilipitia kituo kimoja tu, nacho hakikupunguza hata neno.