Majina Juu ya Kikwembe cha Matanga

Naandika nikiwa bado nina aibu, na nikikosea mahali mke wangu Mariamu atanisahihisha, maana alikuwako. Mimi ni mchoraji wa vibao vya maduka hapa Kindu, masomo niliyaacha mapema. Rafiki yangu Idi ndiye aliyetengeneza programu ya simu ya kuwatafuta watu waliopotezana na ndugu zao wakati wa vita; mimi aliniomba tu niipe sura. (Programu yenyewe ilikuwa nzuri. Kosa ni langu.)

Basi nikaona ukurasa wa majina uko mtupu mno, kama ukuta usiopakwa rangi, na mtu wa kazi yangu hawezi kuvumilia ukuta wa namna hiyo, nikatazama nje nikaona kikwembe cha Mariamu, kitenge chake cha maua, kwenye kamba, nikakipiga picha, nikaikuza mpaka maua yakapotea yakabaki mawimbi na miduara ya buluu na nyeusi, nikaiweka nyuma ya majina, na ili urembo uonekane nikalipunguza neno "Anatafutwa" likawa dogo kama sisimizi. Nilijua kikwembe kimetoka matangani juma lile, wanawake wa mtaa mzima walishona nguo za kitambaa hicho hicho za kuombolezea. Nilidhani kikikuzwa hivyo hakuna atakayekijua.

Siku ya kuionyesha, watu wakajaa ukumbi wa mtaa, Idi akaiweka kwenye simu zao, na wa kwanza kufungua alikuwa Mama Zaituni, ambaye mdogo wake Ramazani alikimbilia njia ya Lubutu wakati wa vita na hajarudi. Alitazama, akamwonyesha jirani.

"Hiki si kile tulichovaa kumzika Mama Salima?"

"Njo chenyewe," jirani akakubali.

Mama Zaituni akasimama. "Weye mwenye kuchora. Nani alikuambia Ramazani amekufa?"

Nikamjibu ni urembo tu, mama, hauna maana yoyote (sijui kwa nini nilisema vile), na watu wakaanza kunung'unika, nikanyakua simu ya Idi niifute ile picha haraka, nikafuta, ukurasa ukawa mweupe pe kwenye simu zote, na mzee mmoja wa nyuma akasema taratibu, "Aa, sasa amewavika sanda."

Wakacheka, hata Idi. Mama Zaituni hakucheka.

"Toa jina la ndugu yangu," akasema.

Nilitaka kutoroka. Lakini Mariamu alikuwa ameketi mlangoni. "Muulize mama anataka nini," akaniambia. "Hujauliza muntu hata mumoja."

Ni kweli, sikuwa nimeuliza. Nikauliza.

Mama Zaituni akafikiri. "Nyeupe si kitu, hata barua tunaandika juu ya karatasi nyeupe. Hilo neno dogo, ulifanye kubwa."

Nikalikuza mpaka likajaza upana wa simu. Akalisoma kwa sauti, "Anatafutwa," akaketi, kisha akaanza kusema mambo ambayo hakuwa amemwambia Idi: kovu la gotini, jina la utotoni, alivyokuwa akiimba anapofua; na wengine wakapanga mstari nyuma yake.

Tangu hapo nimeapa sipambi kitu cha mtu kabla ya kumuuliza, hata kama ni kibao cha duka la sukari. (Mkono unawasha, sikatai.)

Siku ile alipokuwa akiondoka, Mama Zaituni aligeuka. "Chini ya jina lake acha nafasi. Huenda amepata watoto."

Nikaiacha. Mpaka leo iko tupu, na siigusi.