Chupa ya Vingunguti

Nilikuwa fundi wa maabara katika kiwanda kidogo cha chanjo za mifugo, Tegeta. Kazi yangu ilikuwa kulisha seli tulizokuza kwenye chupa, ambazo ndani yake chanjo ilitengenezwa. Chakula chao kilikuwa seramu, yale majimaji ya rangi ya asali yanayobaki damu ya ndama ikiganda. Mama aliyenifundisha kazi alikuwa mkali kwa jambo moja: seramu isiyopimwa virusi haifunguliwi.

"Bakteria akiingia, chupa inachafuka, unamwona," alikuwa akisema. "Kirusi kinakaa kimya. Seli zinanenepa, wewe unafurahi."

Mwaka ule mzigo wa seramu ulikwama bandarini. Tukawa tunachukua damu machinjioni Vingunguti, na kila chupa ilikaa kwenye friza kusubiri majibu. Ijumaa moja mama alikwenda msibani, akaniachia ufunguo wa friza. Seramu iliyopimwa ilikuwa imekwisha, na seli zilianza kusinyaa kwa njaa. Niliogopa zisije zikafia mikononi mwangu. Nikayeyusha chupa moja ya Vingunguti, nikazilisha.

Jumatatu zilikuwa zimependeza ajabu. Mama akanisifu. Sikumwambia nimezilisha nini.

Majibu yalipokuja, damu ile ilikuwa na kirusi kinachofanya ng'ombe watupe mimba. Kufikia hapo seli zile tulishazigawa kwenye chupa zote, hata za akiba. Meneja akatuita.

"Nani alifungua?"

Mama alinitazama usoni, kitambo tu. "Mie," akasema. "Nilichanganya chupa."

Mchana huohuo tulizichemsha zote kwenye joko la mvuke, mie na yeye. Seli zile alizitunza miaka tisa, kizazi baada ya kizazi. Chumba kilinuka kama supu iliyochacha.

"Mama, nikaseme ukweli?"

"Tutafukuzwa wote. Una mtoto mchanga wewe. Na ufunguo nilikupa mwenyewe." Akafunga mlango wa joko. "Ila usinishukuru."

Wiki iliyofuata aliondoka. Nikapewa nafasi yake.

Nilimtembelea mara moja, kwake Mbagala. Nikamwamkia, akaitikia vizuri, akauliza habari za mtoto. Za kazi hakuuliza. Niliposema, "Mama, siku ile..." alinisogezea kikombe.

"Kunywa, mwanangu. Chai inapoa."

Nikanywa. Sikurudi tena.