Njuga ya Tutaona

Njuga ikilia, hata ikiwa shingoni mwa mbuzi wa jirani, mie husimama. Naiona tena Boko ya enzi za Mwingereza, shamba letu la kunde kando ya barabara ya Bagamoyo, na mbwa jike mwembamba, mwenye miguu mirefu, akipita juu ya matuta kama vile ardhi haimhusu.

Jina lake Tutaona. Mjomba wangu Shomari, aliyekuwa msasi wa kuwinda kwa mbwa, ndiye aliyempa. Alikuwa anawajibu majirani waliosema kwamba mtoto wa mbwa wetu na dume la mbio la Mzungu wa shamba la katani hatafaa kitu. Mbwa wote wa Mjomba walivaa njuga, ili wakiwa vichakani ajue wako wapi. Ndani hawakuingia, walikula kwenye kigae nyuma ya banda, na kila Tutaona aliponilamba mama alinisimamia nikanawa mara saba, moja kwa udongo, mpaka ngozi ikaniwasha. Nililambwa sana mwaka ule.

Mjomba alikuwa na sharti moja. "Msimkimbize mpaka nimwingize kazini mwenyewe. Mbwa angali mdogo ukimzoesha mbio za mchezo, kazi inamtoka."

Paa walikuwa wanatumalizia kunde, na kunde zile ndizo zilikuwa chakula chetu. Tena yule Mzungu alishaomba mara mbili apewe Tutaona, amtie kwenye mashindano yake. Mjomba alimwambia mama waziwazi: mbwa huyu asipofanya kazi msimu huu, ataondoka.

Nilikuwa na miaka kumi, na nilitaka kuona mbio. Basi kila Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini, tuliiba baiskeli ya Mjomba. Binamu yangu Mwanaidi aliendesha, amesimama kwa sababu tako halikufika kwenye kiti, na nyuma yake nilifunga kamba yenye ngozi ya sungura. Yeye na Tutaona walianzia kisimani, wakalizunguka shamba, wakaishia kwenye pengo la ua.

Wallahi, sijaona tena kitu kama kile. Masikio yalilala, mgongo ukakunjika na kukunjuka, na njuga, badala ya kulia moja moja, ikawa mlio mmoja mrefu, mwembamba, usiokatika. Nilisahau kupumua.

Ijumaa ya tano Tutaona alisimama. Aliitazama baiskeli ikipotelea nyuma ya migomba, akapiga mwayo, akakata katikati ya matuta, akaenda kuketi kwenye pengo. Mwanaidi alipofika akihema, mbwa anamngoja.

"We Tutaona, mwizi mkubwa!" Alicheka mpaka akaanguka na baiskeli. Mie sikucheka.

Siku ya kazi ilifika, asubuhi yenye umande. Mjomba aliwaachia mbwa wake wawili wakongwe, wakamtimua paa kwenye kunde, njuga zao zikaelekea kisimani. Tutaona hakutikisika. Aliinamisha kichwa tu, anasikiliza.

"Nani kamkimbizia ngozi?" Mjomba aliuliza bila kunitazama.

"Mie, Mjomba."

"Na nani?"

"Mie tu."

"Na baiskeli ikajiendesha yenyewe." Alishusha pumzi. "Haya. Umeshampa Mzungu mbwa. Nenda kamwambie mamako."

Niligeuka niende. Tutaona alikuwa anaondoka, tena kwa kutembea, kuelekea upande ambao hakukuwa na paa. Mjomba akampigia mluzi, asigeuke. Zile njuga mbili zikazunguka shamba, zikapita migombani, zikaanza kurudi. Paa akachomoka, akalenga pengo la ua, na pale, kimya, mbwa alikuwepo. Alimdaka mguu, akamlaza, hakumchana hata kidogo, akamshikilia mpaka Mjomba alipofika na kisu na bismillahi.

Mjomba alipokwisha kuchinja alikaa chini kwenye umande, na msuli wake mpya kiunoni. "Subhanallah," alisema taratibu. Kisha akamvua Tutaona njuga, akanitupia. "Anayevizia halii. Kamwambie mamako kunde zimepona."

Nilijiona mwalimu. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipouelewa uso wa Mjomba siku ile, ambao haukuwa wa furaha tupu. Wale wakongwe walipokufa, Tutaona peke yake hakuweza kitu. Alisimama shambani akingoja mwingine amkimbizie, na sungura wakampita mbele ya pua. Hata mie nilipokimbilia kisimani hakunifuata tena kama zamani. Nilimkuta kule, ameshafika kwa njia yake, ananitazama kwa upole. Mara nne alikuwa amekimbia kwa moyo wake wote, na mara nne tulimpa ngozi kavu.

Njuga ile ninayo. Nimeitikisa mara nyingi, nikiutafuta ule mlio mmoja mrefu. Mkono wa mtu hauendi mbio kiasi kile.